Sabuni Kisimani

Nakumbuka Agosti moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alipotupakia nyuma ya pikapu aliyoazimwa na mwajiri wake, akatutoa Dandora hadi pwani. Si pwani ya mahoteli. Tuliipita Malindi, lami ikatuishia, tukapiga kambi ufuoni chini ya turubai la kanisa, lile la kufungwa misibani. Keti hapo, na hiyo simu weka chini. Shangazi yako leo ana hasira na utaisikia yote.

Siku ya kwanza nilipata rafiki, Mwanasha, rika langu, aliyelelewa na bibi yake katika kijiji cha jirani. Ndiye aliyenishika mkono akanionyesha kisima. Bahari ilikuwa tele mbele yetu, lakini maji ya kunywa yalikuwa hayo tu, kisima kimoja kifupi mchangani, na kijiji kizima kiliyategemea.

Asubuhi ya tatu mama alinipa nepi za mdogo wangu nikazifue. Sasa, mtoto wa Dandora anafulia wapi? Si hapo hapo bombani, maji machafu yakateremkia mtaroni, basi. Nikapiga magoti ukingoni mwa kisima nikasugua. Kule hakuna mtaro, mwanangu. Povu lote, na uchafu wa mtoto, viliteremkia kisimani. Nilipoona maji yamegeuka rangi, nilikusanya nepi zangu nikakimbia.

Mpaka hapo ni kosa la kutojua, na la kutojua husamehewa. Ngoja sasa.

Bibi yake Mwanasha alikuja kwenye turubai letu na mjukuu wake, na nyuma yao wanawake wenye ndoo tupu. Hakupaza sauti. "Wanangu, ni nani alofulia kisimani?"

Nikanyoosha kidole. "Ni Mwanasha."

Bibi aliniamini. Kwao, mgeni haitwi mwongo mbele ya watu. Mwanasha alinitazama, akasema, "Mimi ndimi niliyekuonyesha kisima." Kisha akachukua ndoo.

Alikichota kisima chote peke yake, ndoo kwa ndoo, hadi jua la utosi, na wanawake wamesimama wakimwita mchafu. Mimi nilikaa kivulini nakula mkate.

Mama alijua. Kipande cha sabuni alichokiokota ukingoni kilikuwa chetu, kimekatwa kwa uzi kama alivyozoea kuikata yeye. Alikitia mfukoni akaniambia, "Nyamaza. Kesho tunaondoka." Mungu amlaze pema, nilimpenda mama yangu, lakini kwa hilo sijamsamehe, wala mimi sijajisamehe. Kesho yake tukaondoka kweli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, mwenyeji akaugua. Nilipokuwa mtu mzima nilirudi kumtafuta Mwanasha. Waliniambia aliolewa mbali, hawajui wapi.

Sasa wewe. Jana nilikuwa kwenye ngazi, na masikio yangu hayajazeeka. Nilikusikia ukimwambia keyateka, yule msimamizi wa ploti yetu, kwamba Rozi, binti wa mama fua wetu, ndiye aliyevunja bomba. Rozi! Anayekubebea ndoo yako ukichoka! Bomba ulilivunja wewe na mpira wako. Leo mama yake ameambiwa ahame, asikanyage hapa tena, na ploti hii ndiyo inayomlisha. Halafu unakuja kwangu kuniuliza chakula kiko wapi. Huna haya?

Sikiliza, mwanangu. Kukosea hakunikasirishi. Kinachonikasirisha ni kumtwika kosa lako mtu ambaye hataaminiwa akijitetea, na ulimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Mimi pia ndivyo nilivyochagua. Na usiningoje nikufichie. Kipande cha sabuni kilifichwa mara moja katika ukoo huu, na inatosha.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yako bado hayajakauka sakafuni. Rozi na mama yake wako hapo chini getini wanafunga nguo zao. Nenda umwite keyateka, useme mbele yao wote, kwa sauti ile ile uliyomsingizia nayo. Ukimaliza, mpokee Rozi ule mzigo uurudishe ndani. Mungu akupe ulimi mzito wa kusingizia na mwepesi wa kukiri, na akukutanishe na uliyemkosea angali karibu. Mimi hakunijalia hilo. Haya, vaa viatu.