Fundi Asiyeamkia Watu

Fundi wa kompyuta pale karibu na stesheni ya Kilosa hamwamkii mtu. Zamani, Mzee Vitalis anakumbuka, kijana asiyetoa shikamoo alichapwa na jirani, kisha akapelekwa kwao kuchapwa upya. Siku hizi anapewa leseni ya biashara. Ukiingia, fundi huinua kidevu na kuuliza, "Ina nini?" kama bwana mifugo, huku akichokonoa kucha kwa bisibisi. Vitalis alimpelekea laptopu ambayo mpwawe alijaribu kuitia mfumo endeshi wa pili kando ya ule iliokuja nao, ikabaki kioo cheusi. Fundi akacheka. "Wake wawili chumba kimoja, mzee! Tunairudisha kama ilivyotoka kiwandani." Vidole vyake vyembamba vilishafika kwenye kitufe alipokumbuka kuuliza, "Itafuta vyote. Kuna kitu humu?"

"Sauti ya marehemu mke wangu. Haipo mahali pengine."

Kidole kikaganda. Fundi akachomeka flashi, akaiwasha mashine kwa mfumo uliokuwa ndani ya flashi hiyo, akapekua mpaka jua likahama mlangoni. Alipoipata sauti akainakili kwenye flashi, kisha akaijaribu. Ikatoka kali kama ya dalali wa mnada wa ng'ombe: "Vitalis! Zima hicho kidude, ugali unaungua!"

Fundi akasimama wima, bisibisi mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Vitalis akamwitikia kwa niaba ya mkewe. "Haya, sasa futa."