Mbao Zinazolia

Mzee anayetunza ukumbi wa maigizo, lile ghala la zamani la mizigo ya reli pale Dodoma mjini, hufagia kuanzia jukwaani kuja mlangoni. Kila akikanyaga ubao unaolia, husimama akaukanyaga tena, kama mtu aliyeitwa na jirani. Mikono yake haiishi chokaa, kwa kuwa kuta zile za mawe hubanduka kila masika, naye huzipaka upya huku akiimba Kigogo puani. Elieth, kiongozi wa kikundi, amechoka kumwomba azipigilie mbao zile, zinawaharibia waigizaji. “Nimekusikia, mwanangu,” humjibu, na misumari aliyopewa tangu Pasaka hugongana mfukoni mwa koti lake.

Ijumaa moja walikuja watoto wasioona kutoka Buigiri. Kabla ya mchezo mzee aliwaketisha mbele, akapanda jukwaani na viatu vyake vizito. “Sikilizeni. Hapa ni kitandani. Hapa kisimani. Hapa mlangoni.” Kila ubao ulilia kwa sauti yake. Elieth alitazama saa, akafungua daftari lake. Mchezo ulipofika pale mama anapowatoroka wanawe, mwigizaji alinyata.

“Anaondoka,” binti mmoja alinong’ona.

“Bado,” mwenzake akamjibu. “Amesimama kisimani.”

Elieth, aliyekuwa ameinamia daftari lake, aliinua macho. Kweli, mama alikuwa amesimama kisimani. Na kule pembeni mzee alikuwa ameukumbatia mfuko wa koti kwa mikono miwili, misumari isije ikalia.