Gereza Lenye Ua wa Mianzi

Baridi ya Njombe, enzi zile za Mwingereza, iliweza kumnyang'anya mtu blanketi huku amelilalia. Ndiyo maana mhandisi wetu Mzungu aliponipa ramani ya gereza jipya niinakili, nilicheka kwa sauti. Ilichorwa kwa ajili ya joto la pwani: vyumba visivyo na mahali pa moto, vidirisha juu kabisa kama vya banda la kuku, na ukuta wa mawe mrefu kuliko mnara wa kanisa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu shule ya usiku, na mhitimu wa shule ya usiku hudhani hata mvua inangoja kusikia maoni yake.

"Bwana," nikamwambia, "mtu akitazama ukuta mwaka mzima, atarudi kwao anajua ukuta tu. Upande wa bondeni pana mianzi iliyosongamana hata nyoka hupita akiomba radhi. Tuiache iwe ua. Wafungwa waone mashamba, wapate karakana ya useremala, na moto katikati ya nyumba kama walivyozoea."

Akavuta kiko chake hadi kikazimika. "Sawa. Lakini nikisikia hatari yoyote, naleta mawe kutoka Makambako."

Basi tukajenga. Gereza lilipendeza mpaka watu waaminifu wakaanza kulionea wivu. Wafungwa walichonga viti, walilima viazi, na jioni waliota moto wakisimuliana habari za kwao.

Mvua zilipoanza, machipukizi yakachomoza, na asubuhi moja akaja mama mjane na kisu mkononi na mbeta begani, vile vikombe vya mwanzi vya kukingia ulanzi, pombe itokayo kwenye machipukizi ya mianzi.

"Kamwene," akamsalimu askari. "Nimekuja kwenye mianzi yangu."

"Hii ni mianzi ya gereza, mama."

"Gereza limezaliwa lini? Hii aliipanda marehemu mume wangu, wewe hujaota hata meno!"

Nikashika kichwa. Nilikuwa nimepima hata mteremko wa bonde, bila kuuliza mianzi ni ya nani, jambo ambalo mtoto wa Kibena hulijua kabla hajajua kutembea. Na ulanzi haungoji. Chipukizi lililokatwa ncha lisipopunguzwa tena asubuhi na jioni huziba, na msimu wa yule mama, uliomlisha yeye na wanawe, ungeishia hapo. Sheria nayo ilikataza mtu wa nje kusogelea ua, sembuse na kisu.

Mkuu wa gereza akawauliza wafungwa nani anajua kugema. Akasimama mmoja tu, aliyefungwa kwa kuiba ulanzi.

"Huyu?" mama akapiga makofi. "Huyu alikunywa mianzi ya kijiji kizima!"

"Ndiyo maana naijua vizuri, mama," akajibu.

Wakakubaliana. Kila siku alipewa kisu, akapenya hadi upande wa nje, akagema, akarudi na ulanzi wa mama. Habari zikamfikia mhandisi, naye akaja, nyuma yake lori la Makambako limejaa mawe.

"Yuko wapi huyo mfungwa mwenye kisu?"

"Upande wa nje, Bwana," mkuu akasema polepole.

"Na nani?"

"Na mianzi."

Tukasimama kwenye manyunyu. Dereva alishaanza kufungua ubao wa nyuma wa lori. Mama alikuwa akingoja mbeta yake, na mimi niliona gereza langu lote likigeuka boma la mawe. Mwishowe majani yakatikisika, yule mfungwa akatoka kinyumenyume, amelowa chepechepe, mbeta kifuani.

"Samahani, Bwana, usikanyage hapo. Pana chipukizi."

Mhandisi akaruka kama swala. Mama akaipokea mbeta, akachungulia ndani, kisha akamvuta mgema wake sikio.

"Pumua!"

Akapumua. Mama akanusa kwa makini, kama anayekagua nyama ya harusi.

"Hajaonja hata tone," akatangaza.

 Mhandisi akamwambia dereva ayamwage mawe kwenye karakana, yawe sakafu.

Yule mgema alipomaliza kifungo chake, mama alimpa kichaka kile cha bondeni akigeme, wagawane ulanzi nusu kwa nusu. Hivyo kila asubuhi alirudi gerezani, safari hii kwa upande wa nje, akitaniana na wenzake kupitia majani.