Wasomi Wawili Waliomshinda Makau

Mwaka wa hamsini na sita bwanangu Makau alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge huko Ruiru, na jioni anasoma kwa posta. Akipita mtihani wa Kiingereza, misheni ingempa darasa afundishe, nasi tutoke kwenye laini za wafanyakazi, chumba kimoja cha mabati na moshi wa majirani. Alikuwa ameanguka mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho, walimwambia.

Kilichomshinda ni mchezo mmoja wa zamani wa Waingereza. Alinisimulia: mfalme mzee, mkaidi, anawagawia mabinti zake nchi angali hai, na anamfukuza yule anayempenda kweli. Mwishoni huyo binti anauawa. Mzee anambeba mikononi, halafu naye anakufa. Basi! Mimi nilielewa mara moja. Lakini wasomi, ai, wacha! Makau alikuwa na nakala mbili, moja ya kuazima kwa Mwalimu Muthoka aliyefundisha Thika, nyingine ya dukani huko huko, na kila moja ina msomi wake anayeeleza mambo chini ya ukurasa kwa herufi ndogo kama siafu. Wa kwanza anasema mzee alikufa na furaha, alidhani mtoto anapumua. Wa pili anasema hapana, alijua binti amekufa, moyo ukapasuka. Hata maneno ya mwisho ya mfalme hayafanani, kwa sababu hapo kale mchezo ulichapwa mara mbili, kila chapa na yake.

"Sasa mtihani ukiuliza, nitaandika gani?" Makau anauliza, ugali unapoa.

Akapanda baiskeli mpaka Thika kumuuliza Muthoka: kati ya hao wasomi wawili, mkubwa ni nani? Kwetu Ukambani wazee wakibishana, mwenye umri ndiye anamaliza maneno. Muthoka alicheka mpaka akashika meza. "Makau, hawa watu hawana mkubwa!" Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyoenda. Nilimkasirikia huyo mwalimu sana. Swali lilikuwa la heshima.

Jumapili mchana nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe kwenye uteo, Makau akaja na vitabu vyake viwili akakaa kando yangu. Tangu tumzike mtoto wetu wa miaka minne, mwaka uliotangulia, alikuwa ananiita "wewe" tu. Siku hiyo akasema, "Mama Kanini, wakati ule umempakata… ulikuwa unajua?"

Aiya! Nilitaka kumpiga na uteo. Mtu anauliza hivyo kwa sababu ya kitabu? Lakini alikuwa ameniita kwa jina la mtoto wetu, nikamjibu. "Nilijua amekufa. Na nilimwona akipumua. Yote mawili, wakati mmoja. Usiniulize inawezekanaje, sijui."

Hakuandika kitu. Alifunga vitabu vyote viwili akaingia ndani.

Mtihani akafanya. Baada ya miezi barua ikaja: ameanguka. Nikamuuliza aliandika nini pale kwa mfalme.

"Vile uliniambia," akasema. "Wasomi sikuwataja."

"Kwa hivyo ni mimi nimekuangusha?"

"Katika karatasi yote, ni hapo tu nilijua ninachosema."

Halafu akalia, yeye ambaye hata makaburini hakulia. Nikamshika mkono na hasira yangu yote. Tukaishi laini miaka mingine sita, na sijajua bado kama nilimsaidia au nilimharibia.