Zamu ya Kuugua Moyo

Mwaka nilioanza kuuogopa moyo wangu nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikishona zipu za suruali katika kiwanda kimoja cha nguo za kuuzwa nje, pale EPZ Athi River. Zipu tu. Suruali ilinifikia haina zipu, ikaondoka ikiwa nayo, na mimi na suruali hiyo hatukuonana tena. Ilikuwa kazi ya mikono na macho, na kichwa kilibaki huru kuzurura kilikotaka.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya chai ya saa nne, moyo ulianza kukimbia. Sikuwa nimefanya lolote. Nilikuwa nimeketi, mguu juu ya pedali ya mashine, mara kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, midomo ikaanza kuwasha, na hewa ikakataa kuingia. Nikajua ninakufa. Msimamizi wa laini yetu, ambaye kwa kawaida aliamini kila ugonjwa ni njama dhidi ya oda, alinitazama usoni akaizima mashine yangu kwa mkono wake, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Lakini hadi wanifikishe kwa nesi wa kiwanda, moyo ulikuwa umetulia. Alinipima, akasema niko sawa, ninywe maji.

Nilikunywa maji. Wiki iliyofuata ukarudi, na wiki iliyofuata tena.

Sikuwa naogopa bure. Baba yangu alikuwa amekufa kwa moyo miaka miwili kabla ya hapo. Alishuka shambani kuangalia mbaazi, akaketi kwenye ukingo wa mtaro apumzike, na walipomfuata kumwambia uji uko tayari hakuwa wa kujibu. Alikuwa ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mimi nikajipigia hesabu yangu: kama jina la kwao lilinifikia, moyo wa kwao ungeshindwaje? Baada ya mara ya nne nikaomba ruhusa, nikakunja nguo zangu, nikarudi nyumbani Kathiani kufia kwetu.

Mama yangu, ambaye nilimwita mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, hakuuliza maswali mengi. Alinisikiliza mlangoni, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akageuka akaenda kumkamata jogoo. Yule jogoo alikuwa na maringo na alikuwa wake wa kuonyesha wageni. Jioni hiyo niliunywa mchuzi wake. Kesho yake Mwaitu akatangaza sheria: nisichote maji, nisipasue kuni, nisishike jembe, na nisikasirike. Tatu za kwanza nilizitii vizuri. Ya nne ilinishinda, kwa kuwa jirani mmoja alikuwa anakuja kila siku kuniambia nisile mayai, kisha anakula yangu.

Basi nikawa mgonjwa wa moyo rasmi. Nilitembea polepole. Nilishika ukuta mahali ambapo hapakuwa na haja ya ukuta. Kutwa nzima vidole viwili vilikuwa shingoni kuusikiliza mshipa, na kadiri nilivyousikiliza ndivyo ulivyopata ya kusema. Kanisani waliniombea nikiwa nimeketi.

Sasa, kwetu kuna mwethya. Akina mama wa kijiji hukusanyika na majembe, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kazi kubwa kabisa ni kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usiteremkie mtoni. Inaitwa fanya juu, kwa sababu udongo unaouchimba huutupi chini unakotaka kwenda wenyewe, unaurusha upande wa juu wa mlima. Ni kazi ya kiuno, mabega na pumzi. Mwenyekiti wa mwethya alikuwa mjane mrefu aliyetembea na kamba yenye mafundo. Kwa kamba hiyo alimpimia kila mtu kipande chake, na hakuna aliyeondoka kabla hajakimaliza. Mimi niliporudi nyumbani nilihesabiwa mtu mzima, kwa hiyo kipande changu kilikuwepo.

"Huyo ni mgonjwa," mwenyekiti alimwambia Mwaitu. "Tumemsamehe. Chimba yako peke yake."

"Kwa hii nyumba hatujawahi kula jasho ya mtu," Mwaitu akasema. "Nipimie mbili."

Akapimiwa viwili. Nami nikaletewa kigoda, nikaketi juu ya mtaro nikiwa nimejifunika shali kwenye jua la saa tatu, nikamtazama mama yangu akichimba kipande chake, kisha akivuka alama na kuanza changu. Wenzake walipomaliza, walikaa wakala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Yeye alikuwa bado yuko ndani ya mtaro, anarusha udongo juu, anasimama, anashika kiuno, anarusha tena. Nilimuuliza mbona anahema hivyo.

"Ni mawazo tu," akasema. "Nakufikiria wewe."

Nikaamini. Ukweli ni kwamba hata nilifurahi kidogo, maana nani hapendi kufikiriwa. Wiki nne nzima nilikaa kwenye kigoda kile nikiushika mshipa wangu.

Mwishowe nilipata nafasi ya kuonana na daktari hospitalini Machakos. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ya mtu aliyelelewa sokoni. Walinibandika waya kifuani, mashine ikachora mistari yake, wakatoa damu, wakapima presha mara mbili. Kisha akaweka karatasi kando akaanza kuuliza.

"Inakuanga lini?"

"Nikiwa nimekaa tu, daktari."

"Ukipanda mlima na mtungi je?"

"Nilikatazwa kubeba mtungi."

"Kabla ukatazwe."

Nikafikiri. Njia ya kutoka mtoni kwetu ni mlima ambao hata mbuzi huupanda akilalamika, na niliupanda na maji mgongoni mara ngapi likizoni, na moyo haukuwahi kuniambia kitu. "Ilikuwa sawa," nikasema, na nikaona haya.

"Inakaa muda gani?"

"Dakika kumi hivi. Halafu natetemeka, naskia kulia."

"Unalalia mito ngapi? Miguu zinafura? Unaamka ukikosa hewa?"

Mto mmoja. Hapana. Hapana. Akaniangalia juu ya miwani. "Na nani alikufa?"

Sikuwa nimemwambia kuhusu Baba. Nilifungua mdomo nijibu, kikatoka kilio ambacho sikuwa nimekilia hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ile nilikuwa nahudumia wageni chai. Alinipa kitambaa, akangoja bila kuangalia saa.

"Moyo yako ni nzima," akasema nilipotulia. "Moyo ikiwa mgonjwa, mara mingi inasumbua ukiipea kazi. Yako inasumbua ukikaa. Hiyo ni wasiwasi. Na usifikiri umedanganya mtu. Ile hofu ni ya ukweli, kifua inabana kweli, na iko na matibabu."

Akanifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ya kuingiza, na akanipangia mshauri wa kuzungumza naye kila baada ya wiki mbili. Lakini hakuniachia niende nikijiona daktari. Alisema wasiwasi na moyo hufanana kiasi kwamba hata yeye hawezi kuvitenganisha kwa macho, ndiyo maana alinipima kwanza. Akataja dalili ambazo nikiziona kwangu au kwa mwingine nisingoje hata siku moja: maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, kuzimia, kuishiwa pumzi ukitembea, kushindwa kulala chali, miguu kuvimba. Niliziandika nyuma ya kadi yangu ya hospitali kwa mwandiko wa mwanafunzi mwema.

Mwaitu alizipokea habari zile kwa furaha na kwa malalamiko. Alinikumbatia, akamshukuru Mungu kwa Kikamba, halafu akarudi nyuma hatua moja. "Kwani jogoo yangu ilikufa bure?"

Kesho yake asubuhi, kwa kuwa sasa nilikuwa mzima na mzima hufanya kazi, nilienda kumtandikia kitanda. Upande wa kichwani nilikuta gunia la maharagwe, juu yake mablanketi mawili yamekunjwa, juu yake mto. Mtu aliyelala pale alilala akiwa ameketi. Nilimuuliza, akasema godoro limekwisha. Nilijua godoro lile; tulilinunua pamoja, na halikuwa limekwisha.

Nikaanza kumchunguza. Viatu vyake vya plastiki vya shambani vilikuwa vimepasuliwa kando kwa kisu. Akasema vilikuja vidogo, ingawa alikuwa amevivaa miaka mitatu. Mchana tulipotoka mtoni na maji, alisimama njiani mara tatu, na kila mara alisimama kukagua mahindi ya watu. "Hii wamepanda karibu sana," akasema. Mbele kidogo: "Hii haijawekwa mbolea." Mwaitu amekuwa akikosoa mahindi ya majirani tangu nizaliwe, lakini zamani aliyakosoa akitembea. Mara ya tatu alishindwa kutaja kosa la mahindi yale. Alisimama tu, mdomo wazi, macho kwenye majani.

Nilitua mtungi nikatoa kadi. Sikuihitaji, nilikuwa nimeikariri, ila nilitaka kushika kitu. Kuishiwa pumzi. Gunia la maharagwe. Viatu. Nikakumbuka wiki nne za kipande changu cha mtaro, kila koleo la udongo lililorushwa juu kwa ajili yangu nikiwa nimevaa shali, na moyo wangu ukaanza kukimbia kama siku ile kiwandani. Vidole vikafa ganzi. Safari hii nilikaa chini kwenye majani nikatoa pumzi polepole, ndefu, mara nyingi, na ulipopungua nikasimama. Mwaitu alikuwa ananiangalia kwa hofu.

"Ni ile yako?" akauliza.

"Ni ile yangu. Itaisha. Lakini yako haiishi. Kesho tunaenda Machakos."

"Kesho ni mwethya."

"Mwaitu, wewe ni mgonjwa."

"Mimi nimechoka tu. Ni mawazo."

Hapo nikaivunja sheria ya nne vizuri kabisa. Nilimpigia mama yangu kelele katikati ya njia, jambo ambalo kwetu halifanywi, na wanawake waliokuwa mtoni waliacha kuchota wasikie. Nikamwambia Baba pia alisema amechoka tu. Nikamwambia hatutamfuata mtu mwingine kwenye mtaro kumwambia uji uko tayari. Mwaitu aliutua mtungi wake, akaniambia niuchukue pia.

Daktari yule yule alimpima. Presha ilikuwa juu, na alisema imekuwa juu kwa miaka. Moyo umepanuka na kuchoka kwa kushindana nayo, na maji yameanza kujaa miguuni na kwenye mapafu. Aliniambia tumekuja kabla ya kuchelewa, na kwamba jembe likae ukutani kwanza. Walimlaza siku tisa. Alirudi na dawa za presha za kumeza kila siku ya maisha yake, na vidonge vingine vya kutoa maji ambavyo alivichukia kwa moyo wote aliobakiwa nao, kwa sababu vilimtoa kanisani mara mbili katika ibada moja, na alikuwa akiketi mbele.

Zamu ya shamba letu ilipofika, mwenyekiti alikuja na kamba yake. Akamwangalia Mwaitu, akaniangalia mimi.

"Huyu wa sasa tumemsamehe," akasema.

"Nipimie mbili," nikasema.

Mwaitu akaletewa kigoda kile kile. Alikataa shali, kisha akaikubali. Nilichimba kipande changu, nikavuka alama, nikaanza chake, naye akiwa juu yangu anasema mtaro umepinda, jembe nimelishika kama kijiko, wasichana wa kiwandani hawana kiuno. Wenzetu walikuwa wamekwenda kula. Nilisimama nivute pumzi, na nilipoinua macho nikakuta ameacha kukosoa.

"Nilikuwa najua," akasema. "Kabla hata urudi. Baba yako alianza hivyo hivyo, miguu kwanza."

"Na ukanyamaza? Ukachimba mbili?"

"Ulikuja na yako. Nyumba moja, moyo mbili wagonjwa, nani angeangalia mwingine?" Akavuta shali vizuri mabegani. "Nikasema yako iende kwanza, hata kama ni kidogo. Wewe ndio mtoto."

Sikutaka aone uso wangu, kwa hiyo niliinama nikaendelea kurusha udongo juu. Moyo ulinidunda kifuani kwa nguvu, nami nikauacha udunde. Baada ya muda nikasikia sauti yake ikiniambia kwamba upande wa kushoto bado umepinda.