Dari la Sandarusi

Mimi na mama mkwe wangu hatuzungumzi, na hatujawahi kugombana. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu Songea: mama wa mke wako humkazii macho, huli naye sahani moja, na chumbani kwake huingizi hata kidole. Shikamoo naitoa nimeinama, uso nimeuelekeza mlangoni, naye huipokea akitazama dirisha.

Bahati nzuri nyumba yetu haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia kwenye kenchi, zile mbao za paa, juu yake bati tupu, na kila neno lilipita. Basi jioni, mimi nikiwa sebuleni na yeye chumbani kwake, tulisemezana kwa njia halali kabisa. Yeye alisema na ukuta.

"Wewe ukuta, kuna wanaume wanasikiliza mpira redioni na kuni hazijapasuliwa."

Nami nilimgeukia paka. "Paka, kuna watu humu wakipiga chafya, milima yote ya Matogoro inaitikia."

Kicheko chake alikifunika kwa kanga, nikakisikia hivyo hivyo. Mke wangu aliendelea kuchambua maharage, akijifanya kiziwi.

Mama alikuja kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na mke wangu alitaka kitu kimoja tu: abaki. Ukafika mwezi wa sita. Upepo wa milimani ukawa unaingia kati ya ukuta na bati bila hodi. Tukamwekea mama jiko la mkaa chumbani, mlango wazi, na gunia lililokuwa likitutosha mwezi mzima likawa linatukatikia njiani.

"Mama akirudi kijijini kwa sababu ya baridi," mke wangu akaniambia, "kaka zangu utawaeleza wewe."

Hao kaka zake nawajua. Kesho yake nikanunua misumari.

Nikaziba upenyo wote chini ya bati kwa vipande vya matofali na udongo. Nikaosha mifuko ya mbolea, ile ya sandarusi, nikaifumua, nikaiunga kwa sindano ya magunia na kuipigilia kwenye mbao ikawa dari. Chumbani kwa mama sikuweza kuingia, hivyo aliyepanda kwenye stuli ni mke wangu. Mimi nilitoa maelekezo nikiwa ukumbini, nimewapa mgongo. Dari la chumba kile lilining'inia katikati kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, ila upepo haukupita. Chini ya mlango wa nje nikalaza blanketi kuukuu. Jiko nikalitoa nje moja kwa moja, maana nyumba iliyozibwa vile, kuwasha mkaa ndani ni kutafuta kifo. Gunia likaanza kudumu. Nikawa natembea kifua mbele kama mkandarasi.

Jioni nikakohoa kidogo. "Paka, kuna fundi humu ndani."

Kimya. Nikapandisha sauti. Kimya vile vile, na paka mwenyewe akaondoka.

Jioni zikapita hivyo. Timu yangu ilifungwa na hakuna aliyenicheka. Niseme ukweli, nilimkumbuka mno yule mama, naye yuko nyuma ya ukuta tu. Kisha mke wangu akatoka chumbani kwa mama macho mekundu.

"Mama anafunga begi. Anasema humu joto lipo, watu ndio hawapo."

Nilifikiria kumtuma yeye apeleke maneno, lakini utani hautumwi, na njia yake nilikuwa nimeiziba mwenyewe pamoja na upepo. Nikachukua kisu, nikapanda stuli, nikachana dari la sebuleni pale juu ya ukuta wake.

"Paka, kuna watu wanaondoka bila hata kuuaga ukuta!"

Upande wake ulikuwa bado umezibwa, na huko miguu yangu haifiki. Nikabaki juu ya stuli, kisu mkononi, nikijiona mjinga.

Mara kitanda chake kikalia. Kikafuata kisu cha mchicha, krr, krr, kwenye sandarusi, na vumbi likanimwagikia usoni.

"Wewe ukuta," sauti ikasema, "kuna fundi humu kazi yake haimalizi hata mwezi."

Nilicheka hadi nikashuka kwenye stuli. Kupitia lile tundu baridi ya bati ikaanza kushuka, mke wangu akaniangalia kwa jicho la kuhesabu magunia ya mkaa. Sikujali. Nikasikia begi likisukumwa uvunguni.

Kisha, kwa mara ya kwanza, mama hakusema na ukuta.

"Paka," alisema, "mwambie mwanangu fundi avae sweta."