Mizigo ya Watu Hadi Geneva

Mimi ni mtu asiyejua kukataa. Mke wangu husema si kweli, kwamba yuko mtu mmoja ninayemkataa bila taabu, na mtu huyo ni yeye.

Mwaka ule tuliamua kutokwenda Kenya Desemba. Johannesburg hubaki tupu mwezi huo, kila mtu amerudi kwao, na kwa miaka kumi na tisa nasi tulikuwa tukirudi kwetu, tukilala kwenye godoro la sebuleni katika nyumba iliyojaa shangazi na wapwa. Safari hii mke wangu alitaka mahali ambapo hakuna anayetujua. Benki anayofanyia kazi ilikuwa imempa cheo kikubwa Nairobi, na walitaka jibu kabla ya ofisi kufunguliwa Januari.

"Nipe siku saba tu," aliniambia. "Mimi na wewe. Tukae, tuongee, nijue kama tunarudi nyumbani au haturudi."

Alichagua Geneva kwa kuwa aliwahi kuona picha ya mlima wa theluji ulio karibu na mji, unapanda asubuhi na jioni umeshuka. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kufungua sanduku. Mwalimu wa chuo kikuu akifika Desemba huwa amekwisha kabisa, kwa mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wanaolia mlangoni.

Kosa lilianzia Joubert Park, katikati ya Johannesburg, kwa mama wa Kikongo anayemsuka mke wangu. Nilikwenda kumchukua, nikakuta hajamaliza kusukwa, na katika kungoja nikaitaja safari. Yule mama akaacha kusuka.

"Papa, niko na grand frère, kaka yangu mkubwa, kule Genève. Nitakupatia kakitu kadogo tu, haina uzito."

Nikamwambia hakuna shida. Kesho yake hako kakitu kakaletwa: samaki wakavu, unga wa muhogo na majani ya fumbwa, mboga ya kwao, kilo tisa, vimezungushiwa selotepu pande zote. Ofisini Braamfontein mwenzangu Mkenya naye akasikia. Alikuwa na binamu yake mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Geneva, akaleta majani ya chai, unga wa ugali, na picha ya harusi ndani ya fremu ya kioo. Nikapokea vyote. Mke wangu alitazama mizani, akatoa sandukuni buti zake na koti lake moja, akasema, "Eish, Baba."

Aliyewahi kubeba mzigo wa mtu anajua kwamba uzito si tatizo. Tatizo ni kuufikisha. Huwezi kuukabidhi mlangoni ukageuka kama mtu wa posta. Lazima uingie, ukae, useme uliyemwacha anaendeleaje, amenenepa au amekonda, ule, uombewe, na ukiondoka upewe mzigo wa kurudi nao. Hiyo ni siku nzima kwa kila mzigo. Haya yote niliyajua vizuri.

Siku ya pili tulikwenda kwa grand frère, ghorofa ya saba, nje kidogo ya mji. Tulikuwa tumejifunga nguo tatu tatu, kwa sababu baridi tuliyoizoea ni ile ya Julai ya Johannesburg, inayoingia nayo ndani ikalala nawe. Kumbe kwao baridi inaachwa nje. Tulikaa kwenye kochi tukitoka jasho huku mwenyeji amevaa fulana. Aliita nduguze wawili, akapika samaki walewale tuliowaleta, akaniuliza habari za dada yake mpaka machozi yakamtoka. Nilimpenda. Tulipoaga akasema mkewe yuko kazini, hajatuamkia, lazima turudi kesho. Nikasema tutarudi, na tukarudi.

Siku ya nne tulipanda treni kwenda kwa yule binamu. Akatukataza kurudi siku hiyohiyo, tukalala kwake. Siku ya tano tulirejea Geneva na mifuko miwili, ya chokoleti na nguo za watoto nisiowajua. Njia nzima mke wangu alitazama dirishani. Milima ilikuwa hapo nje, myeupe, karibu kabisa.

Siku ya sita niliamka saa sita mchana. Nilimkuta amekaa kitandani upande wake, koti mwilini, viatu miguuni.

"Leo hatuna mzigo wa mtu," alisema. "Twende popote."

"Miguu inaniuma," nikamjibu. "Kesho." Nikageukia ukutani. Nikamsikia akitoka, akarudi giza limeingia.

Naomba nisieleweke vibaya, uchovu ulikuwa wa kweli. Lakini sikuwa mjinga. Kila nilipomwambia mtu nisiyemjua "hakuna shida," nilikuwa nimeahirisha swali la mke wangu kwa siku moja. Jibu lilikuwepo, na lilinitia aibu. Niliogopa kurudi. Wadogo zangu wote wamejenga, na mimi ndiye niliyesomeshwa kwa jasho la familia nzima. Johannesburg hakuna anayeniuliza nimejenga wapi. Nyumbani ndilo swali la kwanza, kabla hata chai haijaletwa.

Siku ya saba tukapanda mlima kwa lile gari dogo linaloning'inia kwenye waya. Chini mji ulikuwa umefunikwa na ukungu, juu kulikuwa na jua kali. Tukanunua kahawa, tukakaa kwenye benchi. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimelowa.

"Mizigo ile uliichukua makusudi," alisema.

"Ndiyo."

"Unaogopa nini?"

Nikamwambia. Wadogo zangu, nyumba ambayo sikuijenga, lile swali la kabla ya chai. Kuyasema yote hakukufika hata dakika tano. Siku sita nilitembeza samaki wa watu nikikwepa dakika tano. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaushika mkono wangu, na kwa kitambo kidogo nikadhani tumeokoka.

"Ungeniambia haya tulipofika," alisema, "ningebaki Johannesburg. Haki ya Mungu ningebaki. Lakini jana ulipogeukia ukuta nilimwandikia mkubwa wangu. Nimekubali. Nimemwambia nakuja peke yangu."

Iliniuma, na sitaficha. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na nafuu, kwamba hakuna tena wa kunihimiza, na nadhani aliiona usoni mwangu, kwa sababu aliuachia mkono.

Aliondoka Machi. Huzungumza nami kila Jumapili baada ya ibada, kwa upole, kuhusu binti yetu anayejitegemea sasa na bomba la jikoni. Wanaoniuliza kanisani nawaambia nitamfuata muhula ukiisha. Imeshaisha mitatu.